Jogoo wa Kiapo cha Diwani

A-Khuan alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu mjini Kang-boe, na hakuwa mchoyo nayo. Aliigawa kila asubuhi sokoni, kutoka nyuma ya matundu yake ya kuku, mikono imezama kwenye ndoo ya maji ya moto na manyoya yamemganda hadi kwenye viwiko. Wagombea aliwaita mbwa wa msimu. Watunza hekalu aliwaita makarani wa moshi. Ila waliomkera kupita wote ni wapiga kura, yaani majirani zake, watu aliowachinjia kuku kwa miaka thelathini na mbili.

"Zamani askari alikuwa anatuambia tumchague nani, tukamchagua bure," alipenda kusema. "Sasa tuko huru. Tunamchagua yuleyule kwa karai."

Wateja walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Ulikuwa mwaka wa saba tangu amri ya kijeshi iondolewe kisiwani. Watu walikuwa na chama kikubwa cha zamani, na chama kipya, na magazeti yanayoitukana serikali waziwazi, na kila muuza popoo alikuwa na maoni yake juu ya katiba. Na bado, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa mkuu wa mji, kila nyumba ya Kang-boe ilipata karai jipya la chuma kisichoshika kutu, lenye mfuniko wa kioo, na hakuna hata nyumba moja iliyouliza limetoka wapi.

Lilitoka kwa Diwani Go Bing-tong wa chama kikubwa, mwenye mabwawa ya samaki wa mwatiko kuanzia barabara kuu hadi ufukweni. Waliozungusha makarai ni mabalozi wa nyumba kumi, wakiyafunga matano matano nyuma ya pikipiki. Mmoja wa mabalozi hao alikuwa Hok-lai, mume wa A-Khuan.

"Ungekataa," A-Khuan alimwambia siku ile.

"Ningekataaje? Diwani mwenyewe ndiye aliyeniomba."

"Diwani akikuomba mkeo, utamfunga nyuma ya pikipiki?"

Hok-lai alicheka kidogo, akapiga moto pikipiki, akaenda. Karai lao wenyewe A-Khuan alilipokea kwa matusi, kisha akakaangia samaki jioni ileile, maana lilikuwa karai zuri.

Ugumu wa kumkatalia Diwani ulikuwa na sababu moja tu. Miaka minne nyuma, mtoto wao wa kiume alipogongwa na lori la samaki, Diwani alikuja mazishini. Hilo peke yake si ajabu. Wanasiasa wa Kang-boe huenda kwenye kila mazishi, huleta mashada ya maua yenye majina yao makubwa kuliko jina la marehemu, na hulia vizuri kuliko waliaji wa kukodi. Lakini siku ile mvua ilinyesha, mbeba jeneza mmoja akateguka mguu, na Diwani akavua koti, akaingiza bega lake, akatembea hadi makaburini. Kiatu chake kimoja kilimezwa na tope na hakurudi kukitafuta. A-Khuan alijaribu mara nyingi kukidharau kiatu kile, akashindwa, na kushindwa huko kulimuudhi.

Baada ya mazishi, mke na mume waligawana dini. Mke aliacha yote, mume akachukua yote. A-Khuan hakukanyaga tena hekalu la Mungu wa Mji. "Miaka ishirini namchomea udi amlinde mtoto," alisema. "Siku moja tu ya kazi, hayupo." Hok-lai naye hakukosa hata alfajiri moja. Alifagia ngazi za hekalu, akawasha vijiti vyake vitatu, na siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi wa kienyeji hakugusa nyama. A-Khuan hakumzuia. Alimwambia tu, kila alipotoka na ufagio, "Msalimie bosi wako."

Mpinzani wa Diwani alikuwa daktari wa meno wa chama kipya, kijana aliyesoma mji mkuu na kurudi na kipaza sauti. Zikiwa zimebaki siku kumi, alisimamisha gari mbele ya soko akapiga kelele kwamba Kang-boe imenunuliwa kwa makarai. Akina mama walitazama samaki kwenye vikapu vyao, samaki waliokuwa njiani kwenda kwenye makarai hayohayo.

"Kama Diwani anakataa," daktari akaendelea, "aende mbele ya Mungu wa Mji akate kichwa cha kuku!"

Hapo soko likalipuka kwa shangwe. Sera za mifereji na shule zilikuwa zimewachosha watu, lakini kiapo cha kuku walikipenda.

"Shangazi Khuan, wewe utampigia nani?" akauliza Siu-bin, muuza tofu wa kibanda cha pili.

"Nitampigia kuku. Kuku akipiga kelele, angalau ametaga."

A-Khuan ndiye aliyewauzia wanasiasa kuku wa viapo. Mtuhumiwa husimama mbele ya sanamu, husema kama nimedanganya niishe kama kuku huyu, kisha hushusha kisu. Kuku lazima awe jogoo mweupe, kamili, anayewika, kwa kuwa huko kuwika ndiko kunakopeleka maneno juu. Ndivyo walivyoamini Kang-boe. Tangu uhuru wa uchaguzi uingie, A-Khuan alikuwa ametoa majogoo tisa, kwa watu aliojua fika kwamba wanadanganya, na waapaji wote tisa walishinda au waliachiwa.

"Waliokufa mpaka leo," alisema, "ni kuku tisa."

Siku ya pili Diwani mwenyewe akaja kibandani, amevaa kizibao cha kampeni chenye jina lake mgongoni.

"Shangazi Khuan! Kila nikikuona unazidi kuwa kijana."

"Na wewe kila nikikuona unazidi kujaa. Unataka kuku wa supu au wa uongo?"

Diwani akacheka kwa sauti ili watu wamwone anacheka. "Wa kiapo, Shangazi. Jumapili, saa nne."

"Basi safari hii ukate nyuma ya kilemba, shingo ikiwa imenyooshwa. Mwaka ule ulimkata mara nne kama unachanja kuni. Kuku wangu hakukukosea kitu."

"Safari hii nina mtu wa kumshika vizuri." Akashusha sauti. "Mzee Hok-lai atanishikia miguu."

Mikono ya A-Khuan ikasimama ndani ya maji. Huko Kang-boe, anayeshika miguu ya kuku huapa pamoja na mwenye kisu. Ndiyo maana wanasiasa huleta dereva, au mpwa asiye na haya. Lakini Hok-lai mji mzima ulimwona kila alfajiri na ufagio wake. Akishika yeye, hata wenye makarai jikoni wangeanza kuamini kwamba hawakupewa.

"Ana ugonjwa wa moyo," akasema. "Mchukue dereva wako."

"Nimeshamwomba, Shangazi. Amekubali." Diwani akamgusa mkono uliolowa. "Sisi ni watu tuliobeba jeneza pamoja."

Aliyasema hayo polepole, kwa huruma kabisa, na hapo ndipo A-Khuan alipomchukia kwa ukamilifu, pamoja na kiatu chake.

Nyumbani alimkuta Hok-lai amekaa mbele ya bakuli la wali lililopoa.

"Eti umekubali?"

"Alimtaja mtoto."

"Sawa. Ni maneno tu. Mshike kuku, sikiliza upuuzi wa yule nguruwe, urudi ule."

"Kiapo kina maneno yake, Khuan. Mwenye kisu husema 'mimi na anayenishikia, na watoto wetu, na watakaozaliwa'." Hok-lai akaitazama simu iliyokuwa kabatini. Binti yao Le-tsu, aliyeolewa mjini Kaohsiung, alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya miaka tisa ya kuhangaika.

"Huyo Mungu wako hakuliona lori. Ataliona karai?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema!"

"Niliyagawa mimi. Nyumba kumi na nne. Naujua kila mlango." Akasukuma bakuli. "Nimemwuliza leo hekaluni kama nishike. Nimerusha vibao vya kuombea jibu mara tatu, na mara tatu amekataa."

"Ungerusha mara ya nne. Angechoka akakubali."

Hok-lai hakucheka. Siku ile hakula, na ya pili yake hakula. Siku ya tatu alikunywa chai tu, akakaa uani akitazama matundu, midomo imempauka. A-Khuan alikuwa amewaona kuku wakizubaa hivyo siku mbili kabla ya kufa. Yeye hakuogopa kiapo hata kidogo. Alichoogopa ni kwamba Hok-lai ataamini, na kwa moyo ule, kuamini kwake kungetosha kumuua bila msaada wa mungu yeyote. Akifikiria kwenda kwa daktari wa meno kusema ukweli, aliona pingu, na aliona zimefungwa mikono gani. Wanaogawa ndio wanaofungwa. Wanaotuma huandamwa na waandishi wa habari wiki mbili, kisha hupewa uenyekiti wa kamati.

Jumamosi alasiri alikwenda uani kulisha kuku wa Mwaka Mpya. Hawa walikuwa majogoo aliowahasi mwenyewe wakiwa wadogo, kwa vidole vyake na ndoana ya mwanzi, ili wanenepe na nyama iwe laini. Jogoo aliyehasiwa hawiki. Kilemba chake hubaki kidogo, kimepauka, na ubavuni, chini ya manyoya, hubaki kovu la ndoana. Kwa sadaka ya Mwaka Mpya hapati mpinzani, miungu na watu humla kwa raha. Kwa kiapo hafai kitu. Ni sawa na kupiga muhuri usio na wino.

Mmoja wao alikuwa mweupe, mkubwa, amekaa pembeni kama mzee anayengoja chakula. A-Khuan alimtazama, na polepole kicheko kikampanda kutoka tumboni. Alicheka peke yake mpaka kuku wakakimbilia kona. Diwani Go Bing-tong, mume wa watu, sauti ya Kang-boe, ataapa juu ya jogoo asiye na kitu! Na Mungu wa Mji, na masharti yake yote, hatakuwa na pa kushika.

Hakumwambia Hok-lai. Mtu yule hakujua kudanganya hata kwa uso. Isitoshe hakukuwa na haja, kwa kuwa alikuwa amemsaidia kazi hii miaka thelathini na mbili. Akimshika tu, vidole vitamwambia.

Asubuhi ya Jumapili Hok-lai aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe la mazishi ya mwanawe. Kisha akakaa mezani akala uji wa wali, mabakuli mawili, na yai la chumvi.

"Umepona?" A-Khuan akamwuliza.

"Nimepona."

A-Khuan aliweza kumtambua mteja msumbufu kabla hajavuka barabara. Asubuhi ile alimtazama mumewe akila, akafurahi, na hakuuliza zaidi. Akili yake yote ilikuwa kwa kuku wake.

Hekalu lilijaa hadi barabarani. Watu walikuja na watoto na viti vya kukunja, na muuza soseji alikuwa ameshawasha mkaa. Daktari wa meno alisimama upande mmoja na watu wake, amekunja mikono. A-Khuan alipanda ngazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, kuku amefungwa kwenye gunia, kichwa tu ndicho kilichotoka. Aliipita sanamu bila kuinama.

Alipomtoa kuku kwenye gunia, Siu-bin ndiye aliyeona kwanza. A-Khuan alimwona macho yakimtoka, yakienda kwenye kile kilemba kidogo kilichopauka, yakirudi kwake. Siu-bin akamnong'oneza jirani. Jirani akamnong'oneza mwenzake. Hawa walikuwa watu wa kuku na mabwawa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtunza hekalu alitazama mara moja, akageuka kunyoosha vijiti vya udi vilivyokuwa vimenyooka. Hata nyuma ya daktari wa meno, wakulima wa chama chake waliona, na daktari peke yake, na elimu yake yote, aliona kuku mweupe.

A-Khuan alingoja mtu apige kelele. Alikuwa tayari kwa vita, matusi yamepanga foleni kooni mwake. Badala yake ilipita pumzi moja ndefu, kutoka ngazi za mbele hadi kwa muuza soseji, na nyuso zikalegea. Kila mmoja alikuwa na karai nyumbani. Kila mmoja alikuwa amekuja akiogopa kiapo kisije kikaruka kutoka kwa mtoaji kikamwangukia mpokeaji, na sasa walikuwa wameachiwa. Watu gani hawa, A-Khuan akawaza, hata uoga wao hauna msimamo.

Kisha Hok-lai akapokea kuku. Vidole vyake vikashika miguu, vikateleza chini ya manyoya ya ubavu hadi kwenye kovu, vikasimama. Akainua macho akamtazama mkewe. A-Khuan akamkonyeza. Hok-lai akainamisha kichwa, akaishika miguu imara.

"Mungu wa Mji!" Diwani akanguruma. "Mimi, Go Bing-tong, kama nimenunua kura hata moja ya Kang-boe, mimi na anayenishikia, na watoto wetu, na watakaozaliwa, tuishe kama kuku huyu!"

Alikata nyuma ya kilemba, pigo moja tu, kama alivyofundishwa. Fataki zikalipuka. Kang-boe haijawahi kupiga makofi namna ile, na wanawake wengine walifuta machozi. Wiki iliyofuata Diwani alishinda kwa wingi wa kura ambao haukuwahi kuonekana mjini, na Hok-lai akawa anakula kama kawaida.

Dereva wa Diwani alikuja kibandani siku chache kabla ya Mwaka Mpya. Alinunua kuku watano wa sadaka, kisha akasogea karibu.

"Shangazi, Mheshimiwa ana binamu yake mji wa pili. Naye wamemzushia mambo. Anaomba jogoo wa kiapo."

"Wapo. Achague."

"Anataka kama yule wa Mheshimiwa."

"Kama yupi?"

Dereva akatabasamu. "Yule mkimya."

A-Khuan alimfukuza kwa ndoo ya maji ya kuku, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anacheka kwa hasira. Aliingia jikoni, akabandika karai, akatia mafuta, akaanza kusimulia kabla hata ya kuvua buti za mpira.

"Alijua! Yule nguruwe alijua tangu alipomwona! Nilidhani namvua nguo, kumbe nimemvisha koti. Na sasa anataka la binamu yake! Hok-lai, unasikia?"

Hok-lai alikuwa mezani, anamenya vitunguu saumu. "Na mimi nilijua."

"Wewe nilitaka ujue. Si uliniona nilivyokukonyeza?"

"Nilikuona." Akamenya kimoja zaidi. "Asubuhi ile nilikula mabakuli mawili. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nikasema mzee amepona."

"Nilikuwa nimeshaamua, Khuan. Nilisema, akianza kuapa, naiachia miguu. Kuku aruke, halafu niseme hapohapo, mbele ya Mungu na mbele ya watu, kwamba makarai niliyagawa mimi. Barua niliyomwandikia Le-tsu ilikuwa mfukoni mwa shati." Akatabasamu kidogo, akiangalia vitunguu. "Nikala sana kwa sababu nilijua jela hakuna uji kama wako."

A-Khuan alisimama na samaki mkononi. Mafuta yalianza kutoa moshi.

"Kisha nikamshika yule kuku," Hok-lai akasema. "Nikajiambia, aa, basi, haina haja tena. Mke wangu ameshanifungulia mlango. Nikashika. Nilishika vizuri mno, hata hakutikisika."

"Nilikuwa nakuokoa! Wangekufunga, mzee wewe, na huo moyo wako!"

"Najua."

"Ulikuwa huli! Ulikuwa unakufa hapo uani, ningefanya nini?"

"Najua, Khuan. Sikulaumu." Akakusanya maganda kwa kiganja chake, taratibu, bila kumtazama. "Ulidhani na mimi ni kama wao. Na kweli, nilipomshika, nikawa."

Nje gari la Diwani lilikuwa linapita kwa kipaza sauti, likiwashukuru wananchi wa Kang-boe kwa imani yao. A-Khuan alikuwa na neno kwa kila mtu aliyesikia kelele hiyo, kuanzia dereva hadi mwenye sauti. Kwa mtu aliyekaa mezani kwake alitafuta neno na hakulipata. Sasa tu ndipo alipoona kwamba ufagio umesimama nyuma ya mlango, umekauka, tangu Jumapili ile. Alfajiri zile mzee alipobaki kitandani, alidhani ni baridi, au magoti.

Akazima moto.

"Kesho nikuamshe alfajiri?" akauliza. "Uende kwa bosi wako?"

"Niende kumwambia nini?" akasema Hok-lai, akavuta bakuli lake karibu.